Lenzi ya Mjomba Gaudens kwenye Tope la Wazo

Mjomba Gaudens alinipa masharti mawili tu, na yote aliyasema huku ameikumbatia lenzi yake kama mtoto mchanga. La kwanza, lenzi irudi nzima. La pili, nisirudi na picha za migongo.

Hilo la pili lilikuwa limenilenga mie kabisa. Naitwa Kokushubila, nyumbani Koku, nipo kidato cha tatu, na aibu yangu imefika kiwango kwamba nikitumwa dukani naombaga nikute pamefungwa. Kwenye studio ya mjomba, hapa Gongo la Mboto, kazi yangu ni kushika taa. Mara tatu amenipa kamera nipige mwenyewe: kipaimara, harusi na mahafali ya chekechea. Mara zote tatu nimerudi na migongo. Mtu akigeuka akinitazama tu, mie nashusha kamera najifanya nasoma vitufe. Yale mahafali ndiyo yalimuuma zaidi.

“Koku, hata watoto wa miaka mitano unawaogopa?”

“Walikuwa wengi, mjomba.”

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja mjomba alikuwa na harusi Msasani, na siku hiyohiyo klabu ya jogging ya mama mdogo Benedicta ilikuwa imealikwa kwenye bonanza huko Wazo. Klabu inaitwa Amka Dada, ni akina mama watupu, na mama mdogo ndiye kapteni. Alikuja studio kudai picha za kalenda ya klabu, hakutaka kusikia habari ya harusi ya mtu.

“Basi nipe Koku,” akasema.

“Koku atakuletea kalenda ya migongo. Januari mgongo, Februari mgongo.”

“Migongo yetu ina kasoro gani?”

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mjomba akanigeukia. Akasema hii ni nafasi ya mwisho: nikirudi na nyuso za watu, kamera ya pili ya studio inakuwa yangu kwa kila kazi. Nikirudi na migongo, nitashika taa mpaka nimalize shule, na kamera ya pili anaitafutia mtu mwingine, mtu mwenye mdomo. Niliitika kwa kichwa.

Halafu akanivisha shingoni kamera yenye ile lenzi.

Jamani, ile lenzi. Ni ya zumu, inaanzia ishirini na nne inafika mia na tano, nzito kama pasi ya mkaa. Ukiwa kwenye ishirini na nne unaona uwanja mzima. Ukizungusha pete mpaka mwisho, mtu wa ng'ambo ya barabara unamwona mpaka jasho la puani, na yeye hana habari kama upo duniani. Nilichungulia kwa mara ya kwanza pale mlangoni nikamkuta fundi viatu wa upande wa pili anajisemesha peke yake na anajibu. Nikacheka mpaka mjomba akaninyang'anya. Moyoni nikasema, aliyebuni kitu hiki lazima naye alikuwa na aibu.

“Sikiliza vizuri,” mjomba akasema. “Hii wameitia mipira ndani, kila kwenye maungio, mpaka hapa nyuma inapoingia kwenye kamera. Mvua inaipiga, vumbi linaipiga, yenyewe inakuangalia tu. Lakini siyo samaki, usije ukaizamisha. Na ukiizungusha inatoa shingo, unaona? Shingo ikilowa, ifute kwanza ndiyo uirudishe. Ukiirudisha na maji yake, itayanywa.”

“Sawa, mjomba.”

“Na kamera yenyewe siyo ya aina hiyo. Lenzi ni askari mwenye koti la mvua, kamera yupo kifua wazi. Mlango wa memori kadi unaujua, nimeubana na plasta. Kamera ikilowa, msiba wako.”

Hapo ndipo nilipopata kazi ya kuwaza. Mjomba anasema zamani ungechukua mfuko wa rambo, ule wa plastiki, ukatoboa tundu, ukavalisha kamera, mambo yameisha. Siku hizi rambo zimepigwa marufuku, na ile mifuko ya kitambaa inapitisha maji kama chujio la tui. Nilizunguka nyumba nzima. Nilijaribu kopo la siagi, halikutosha. Mwisho nikaiona bafuni inaning'inia: kofia ya mama ya kuogea, ya pinki, ina bata wa njano, lastiki mzunguko mzima. Nikaivalisha kamera kwa nyuma, lenzi ikachomoza mbele, nikaikunja kidogo kwenye tundu la kuchungulia, ikakaa kama imeshonewa. Nikamtumia mama meseji kazini, “nimeazima kitu cha bafuni,” akajibu “sawa” bila kuuliza.

Tulifika Wazo saa mbili asubuhi na vumbi ndilo lililotupokea. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Klabu zikaanza kuingia uwanjani kwa mchakamchaka, zinazunguka, zinaimba, filimbi juu ya filimbi, na kila zikipita vumbi linanyanyuka linawafunika mpaka unabaki kusikia nyimbo bila waimbaji. Wapiga picha wa papo kwa papo, wale wanaotembea na printa ndogo begani, walikuwa wanafunika kamera zao kwa fulana na kukohoa. Mie nilipanda juu ya lundo la matofali pembeni ya uwanja, hatua kama arobaini kutoka kwa watu, nikazungusha pete mpaka mia na tano.

Nyuso. Nikapata nyuso, nyie. Mama mwenye kope zimepauka kwa vumbi kama kapakwa unga. Mwingine anaimba macho kafumba, meno yote nje. Mama mdogo Benedicta anatukana mtu kwa tabasamu. Hakuna hata mmoja aliyenitazama. Vumbi likitulia kwenye lenzi nalipuliza kwa kipira cha kubonyeza alichonipa mjomba, pfuu, naendelea. Nilikuwa nacheka peke yangu juu ya matofali kama yule fundi viatu.

Kukimbia kukaisha, kukaja kilichotupeleka: kuvuta kamba. Amka Dada dhidi ya wenyeji, Kifua Mbele ya Wazo. Wanane kwa wanane, zawadi mbuzi. Mbuzi mwenyewe, beberu wa kahawia, alikuwa amefungwa kwenye goli anakula shada la maua la mgeni rasmi.

Refa alikuwa Mwalimu Leodegar, mwalimu wa sekondari kutoka Tabata, mrefu, hacheki. Aliomba chokaa achore mistari miwili, mmoja kila upande: kitambaa chekundu cha katikati ya kamba kikivuka mstari wa timu, timu hiyo imeshinda. Chokaa ikawa imeisha kwenye mistari ya mpira. Mwenyekiti wa Kifua Mbele, Bwana Jamali, mtu mzima wa suti na viatu vya kuchongoka, akasema wasisumbuke, yeye anajenga hapo nyuma na ana saruji.

“Saruji siyo chokaa,” mwalimu akasema.

“Mwalimu, huku ni Wazo, kwenye kiwanda cha saruji. Sie saruji ndiyo chokaa yetu, ndiyo unga wetu, ndiyo poda ya watoto.”

Kijana mmoja akaleta nusu mfuko kwenye toroli. Mistari ikachorwa ya kijivu, minene, imenyooka vizuri sana. Kila mtu akaipongeza.

Timu zikashika kamba. Filimbi ikalia. Na mvua, kama na yenyewe ilikuwa inaisubiri hiyo filimbi, ikashuka yote kwa mpigo.

Sijawahi kuona uwanja ukiisha watu haraka vile. Simu zikaingia mifukoni. Wapiga picha wa papo kwa papo wakakimbilia turubai wamekumbatia printa zao. Mgeni rasmi akabebwa. Wakabaki wale wanawake na kamba yao, maana kamba ukiiachia umeshindwa, na hakuna timu iliyotaka kuwa ya kwanza. Na mie juu ya matofali.

Kwanza mguu wangu mmoja ulishaanza kushuka. Halafu nikaitazama kamera. Bata wa njano walikuwa wanapigwa na matone na hawajali. Lenzi imechomoza kwenye lastiki, lile duara la plastiki la mbele limekinga kioo, haina hata tone. Nikainua, nikachungulia. Na hapo nikagundua kitu: kwenye mvua ile hakuna mtu wa kunitazama. Ningeweza kusimama wima, kuinama, kuimba. Mvua ilikuwa imenivalisha mie kofia ya kuogea.

Nikashuka kwenye matofali, siyo kukimbia, kusogea. Hatua thelathini. Ishirini. Tope lilinivua ndala ya kushoto nikaiacha. Nikazungusha mpaka mwisho, nikaanza kupiga uso mmoja mmoja. Mama mdogo ulimi nje. Wa nyuma yake analia au anacheka, maji ni yaleyale. Mwanamke wa Kifua Mbele, mkubwa kama kabati, ameuma kamba kwa meno kabisa kana kwamba mikono haimtoshi. Tone likidondoka kwenye kioo nalifuta kwa pindo la ndani la fulana, sehemu pekee iliyobaki kavu kwangu. Nilikuwa natetemeka kwa baridi na nasema peke yangu, kwa sauti, “hiyo, hiyo, usifumbe, hiyo.” Hakuna aliyesikia.

Kamba ilikwenda kwetu, ikarudi kwao, ikasimama. Watu wa kwenye turubai walishasahau mvua, wametoka tena, wamewazunguka wavutaji, wanawapepea kwa kanga zilizolowa, wanawamwagia maneno. Kisha mama mdogo akatoa mlio ambao haupo kwenye lugha yoyote, na kamba yote ikaanza kutembea.

Nikajua nyuso zimetosha, nahitaji yote. Shingo ya lenzi ilikuwa imetoka na inachuruzika. Mkono unataka kuirudisha hapohapo, maana kamba inakimbia. Nikamsikia mjomba kichwani: itayanywa. Nikaifuta. Mzunguko mmoja, wa pili, naona kwa jicho la pembeni watu wanateleza, nafuta. Ndipo nikairudisha mpaka ishirini na nne, uwanja mzima ukaingia, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Na wote wakaanguka, pande zote mbili, rundo moja huku na rundo moja kule, kamba juu yao kama tambi.

Halafu kila upande ukanyanyuka unashangilia.

“Tumewavusha.”

“Mmemvusha nani, kitambaa kilikuwa kwetu.”

“Mwalimu, sema.”

Mwalimu Leodegar akatazama chini. Ile mistari yake mizuri ya saruji ilikuwa imegeuka uji. Miguu thelathini na miwili ilikuwa imeukoroga, uwanja wote wa kijivu, na miguu ya watu ya kijivu mpaka magotini.

“Nani ana picha?” akauliza.

Watu wakajipapasa mifukoni. Hakuna. Mmoja wa papo kwa papo akasema yeye alikuwa anaokoa printa. Na ndipo sauti moja ya mtoto wa Wazo ikasema, “Muulizeni yule dada mwenye bata.”

Nikaona uwanja mzima unageuka. Nyuso zile nilizokuwa nazichungulia tangu asubuhi, zote, sasa zinanichungulia mie. Nikashusha kamera. Nikaanza kusoma vitufe.

“Koku,” mama mdogo akaja anachechemea, tope mpaka kwenye nyusi, kanga ya mtu mkononi. “Ulipiga ya mwisho?”

“Nilipiga.”

“Mwanangu wewe. Fungua, tuchukue mbuzi wetu.”

Akatandaza kanga juu ya kichwa changu na kamera, tukawa kwenye hema dogo. Nikanyanyua lastiki kidogo, nikawasha kioo cha nyuma ya kamera. Ile picha ikatokea, na kwanza nikaipenda tu: kamba imenyooka kutoka kona mpaka kona, watu wote wamelala nyuma nusu hewani, matone yamesimama kama shanga, na mbuzi golini ndiye pekee aliyekuwa anatazama kamera. Kisha macho yangu yakaanza kuhesabu upande wetu. Nikahesabu tena.

“Mama mdogo,” nikanong'ona, “naona tusiionyeshe.”

“Kwa nini, imetoka vibaya?”

“Imetoka vizuri sana.”

Hakunielewa. Akafunua kanga, akamwita mwalimu. Mwalimu akainamisha urefu wake wote mpaka kwenye kioo, mikono nyuma, kama anasahihisha daftari.

“Mstari siuoni,” akasema. “Lakini naona kitu kingine. Amka Dada, mlisajili wangapi?”

“Wanane.”

Akaweka kidole. “Moja. Mbili. Tatu.” Uwanja wote ukahesabu naye. “Saba. Nane.” Akasogeza kidole. “Tisa.”

Wa tisa alikuwa na gauni la dera, siyo fulana. Kiunoni kafunga kanga, mguuni hana kiatu, kamba kaizungusha mkononi, na sura imekunjamana kwa nguvu. Alikuwa Bi Raudha. Bi Raudha anatuuzia kahawa ya tangawizi kila Jumamosi, anafuatana na klabu popote, na hajawahi kukimbia hata hatua moja. Wote tukageuka kumtafuta. Alikuwa kwenye chupa zake, anamiminia kikombe ambacho kilishajaa.

“Bi Raudha,” mwalimu akaita.

“Abee.”

“Huyu nani?”

“Huyo mbona kama marehemu dada yangu.”

Watu wakaanza kutikisika kwa kicheko.

“Mie nilikwenda kumpepea kapteni,” Bi Raudha akasema, sasa kasimama. “Kumpepea tu. Sasa mtu unampepea, anateleza, anavutwa kama gunia, utaendelea kumpepea? Mkono ulikwenda wenyewe.”

Bwana Jamali, mwenyekiti wa wenyeji, alicheka mpaka akashika magoti. Akasema basi kesi imeisha, mbuzi ni wa Wazo, Gongo la Mboto wamekuja na mzigo wa ziada. Watu wake wakaanza kumsogelea mbuzi.

Mie nilikuwa bado naitazama picha. Nilikuwa nimehesabu na upande wa pili. Ningenyamaza kama kawaida yangu. Lakini ile picha ilikuwa yangu, na walikuwa wanaisoma nusu.

“Hamjamaliza,” nikasema.

Ilitoka ndogo. Mama mdogo peke yake alisikia, akapaza: “Mtoto anasema hamjamaliza.”

“Nini hatujamaliza?” mwalimu akauliza.

Nikabonyeza kile kitufe cha kukuza, nikaisogeza picha mpaka mwisho wa kamba, upande wa Kifua Mbele. Nikamgeuzia kioo mwalimu. Yeye akahesabu safari hii taratibu, akikaribia kioo kadiri anavyokwenda. Nane. Tisa, kijana wa toroli la saruji. Na kumi. Wa kumi alikuwa amekaa kabisa kwenye tope, kamba kaipitisha kwapani, suti imempanda mpaka mabegani, viatu vya kuchongoka vimetazama mbinguni.

Mwalimu Leodegar akajinyoosha polepole. Akamtazama Bwana Jamali kuanzia tai mpaka chini. Bwana Jamali akajitazama na yeye, kama ndiyo kwanza anaona suruali yake ina saruji mpaka kiunoni.

“Mwenyekiti,” mwalimu akasema, “na wewe ulikwenda kumpepea nani?”

Nilidhani mwalimu hacheki. Alicheka yule mtu mpaka filimbi ikamtoka mdomoni ikaangukia uji. Baada ya hapo hakukuwa na timu tena. Yule mama aliyeuma kamba alikuwa amemkumbatia Bi Raudha, wanaanguka, wananyanyuliwa, wanaanguka. Watu walipanga foleni kwangu kujiona kwenye kioo, na kila aliyejiona alipiga kelele akamwita mwenzake, na mie nilikuwa nazungusha picha, “huyu hapa wewe, na huyu,” mpaka nikasahau kuona aibu.

Mwalimu akatoa hukumu: timu zote zimefungwa, mbuzi ni wa supu, na supu ni ya wote.

Mjomba Gaudens alifika kama saa tisa. Harusi ilikuwa kati ya kanisani na ukumbini, na alipoona wingu limekaa kaskazini hakuweza kuvumilia, akachukua bodaboda kutoka Msasani na suti yake. Alinikuta nyuma ya majiko, ndala moja, nywele zimelala. Hakunisalimia. Aliitazama kamera.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Hiyo si kofia ya dada yangu?”

“Ndiyo.”

Akaivua kwa vidole viwili. Akapapasa mlango wa memori kadi: mkavu. Akaizungusha lenzi, ikatoka shingo, ikarudi, haina mlio, haina mchanga. Akaielekeza kwenye mwanga, akatafuta ukungu ndani, hakuna. Ndipo akapumua, akawasha kioo, akaanza kupitia picha tangu ya kwanza. Mie nikawa nahesabu vifungo vya koti lake. Alipita za vumbi. Alipita ulimi wa mama mdogo. Alipofika kwenye ile ya kamba alisimama hapo muda mrefu, mpaka mvuke wa sufuria ukamfikia.

“Uliwapangaje hawa?” akauliza.

“Sikuwapanga.”

“Kwenye mvua ile?”

“Ndiyo.”

“Na shingo?”

“Niliifuta kwanza.”

Akairudia tena, akahesabu nyuso kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha akanivisha mkanda wa kamera shingoni, akaivalisha kofia yake ya bata vizuri, akakung'uta mikono. “Jumamosi ijayo kuna kipaimara Ukonga,” akasema. “Kamera ya pili ujue mwenyewe utaibebaje.” Lakini supu ilikuwa ndiyo inafunuliwa, na mpiga picha ni mpiga picha, mkono wake ukajikuta umenyooka tena kwenye kamera. “Hebu, niipige hiyo tu.”

“Bado, mjomba,” nikasema.

Tulitazamana. Sijui nani alishangaa zaidi. Yeye akaurudisha mkono mfukoni, na mie nikageuka, nikawaambia Bwana Jamali na Bi Raudha wasogeleane, maana mwalimu alikuwa bado nje ya picha.